Uso ukutani, hati ya nyumba kwa mwingine: sanaa ya Wamarekani Weusi na suala la nguvu

#1 Karakana (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia.

Mjadala wa sanaa na watu Weusi wa Marekani ukianza, mara nyingi huishia kwenye swali moja: je, wanaonekana? Nani kachorwa, nani katundikwa kwenye jumba kubwa la makumbusho, nani kapewa tuzo. Silidharau swali hilo hata kidogo. Februari 2018, picha ya Barack Obama iliyochorwa na Kehinde Wiley na ile ya Michelle iliyochorwa na Amy Sherald zilipozinduliwa Washington, watu walipanga foleni kuziona, na wengi walikuja na watoto wao. Hilo lina uzito wake.

Ila mimi nashikilia kwamba kuonekana ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Iliyobaki ndiyo ngumu: ukuta ni wa nani, picha ikiuzwa hela inaenda mfuko gani, na siku ya kuifuta anaulizwa nani.

Tuanze na Chicago. Agosti 1967, wasanii wa kikundi cha OBAC (Organization of Black American Culture), wakiwemo William Walker, Jeff Donaldson, Wadsworth Jarrell na Barbara Jones-Hogu, walipaka rangi ubavu wa jengo chakavu la ghorofa mbili kwenye kona ya mtaa wa 43 na Langley, upande wa kusini wa jiji. Wakauita Wall of Respect, yaani Ukuta wa Heshima. Hawakuwa na kibali cha jiji wala ufadhili wa serikali. Ukuta waliugawa mafungu: viongozi, wanamichezo, waimbaji, wapiga jazi, waigizaji, waandishi, watu wa dini. Muhammad Ali yumo, Nina Simone yumo, Malcolm X, mwanazuoni Du Bois, mpiga saksafoni Coltrane, mshairi Gwendolyn Brooks. Katikati ya rangi walibandika na picha za kamera. Majina waliyajadili na wakazi wa mtaa, na Martin Luther King, aliyekuwa hai bado, hakuwekwa.

Angalieni ukuta ule ulivyotumika. Watu walisoma mashairi mbele yake, wanamuziki walipiga pale pale barabarani, mikutano ya siasa ilifanyika chini ya zile nyuso. Mtoto wa mtaa ule alikua akimpita Du Bois kila siku akienda dukani. Hakulipa kiingilio, na hakuna bawabu aliyemkodolea macho.

Sasa upande wa pili. Kabla mwaka haujaisha, fungu la viongozi alilolichora Norman Parish lilipakwa chokaa, likachorwa upya na msanii mwingine, Eugene Wade. Ugomvi huo uliwaumiza wengi na kikundi cha wachoraji kikasambaratika. Mwaka 1971 jengo likashika moto, halafu likabomolewa. Jengo halikuwa lao. Kazi iliyowasha moto wa michoro ya ukutani katika miji mingi ya Marekani ikaisha kama kifusi, na wenyewe hawakuwa na karatasi hata moja ya kuwapa sauti.

Naamini baadhi yao walijifunza kitu, kwa sababu tazama walichofanya baadaye. Mwaka 1968 Donaldson, Jones-Hogu, Wadsworth na Jae Jarrell pamoja na Gerald Williams walianzisha AfriCOBRA, na kikundi hicho kikajikita kwenye picha za kuchapwa kwa skrini ili mtu wa kipato cha chini aweze kununua nakala na kuitundika kwake. Ukuta mmoja unabomolewa kwa siku moja. Nakala mia zilizotawanyika sebuleni kwa watu, nani atazibomoa?

Aliyewahi kuiona kazi ya Wadsworth Jarrell ya mwaka 1971 inayomwonyesha mwanaharakati Angela Davis ataelewa ninachosema. Ukiwa mbali unaona mwanamke ameshika kipaza sauti, mdomo wazi, nywele zimetanda, rangi zinawaka: nyekundu, njano, bluu. Ukisogea, uso unageuka maandishi. Shavu ni herufi, nywele ni herufi, maneno ya hotuba zake yanamtoka kama cheche. Begani kuna mkanda wa risasi, ambao mkewe Jae alikuwa ameushonea suti halisi aliyoibuni mwenyewe. Kwa hiyo unaposoma mwili wake unasoma alichokisema, na huwezi kumtenga na maneno yake ukabaki na sura nzuri ya kupamba ukuta.

Emory Douglas naye alikwenda njia hiyo hiyo, kwa ukali zaidi. Alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Black Panther Party, chama cha harakati za Weusi, kuanzia 1967. Usanifu wa matangazo alikuwa ameusomea chuoni San Francisco, na bajeti ya gazeti la chama ilikuwa finyu: wino mweusi na mara nyingi rangi moja tu ya ziada. Akaufanya ufukara ule uwe mtindo. Mistari minene, kivuli cha nukta za kubandika, na katikati mama wa kawaida kabisa, mwenye rola za nywele kichwani na uchovu usoni, amesimama wima. Ukurasa wa nyuma wa gazeti ulikuwa bango kamili, unaukata, unaubandika. Gazeti liliuzwa senti 25. Mitaa yenyewe ikawa nyumba ya maonyesho.

Tulete sasa mambo ya hela, maana hapo ndipo uzi huu unapouma.

Mchoraji Mweusi Kerry James Marshall alichora Past Times mwaka 1997: familia Nyeusi wakistarehe bustanini, gofu, boti, redio, ngozi zao nyeusi tititi kama kawaida yake. Mamlaka ya umma inayosimamia ukumbi wa mikutano wa McCormick Place, Chicago, iliinunua kwa dola 25,000. Mei 2018 ikauzwa mnadani New York kwa dola milioni 21.1. Mnunuzi alikuwa tajiri Mweusi, Sean Combs. Watu wengi walishangilia, na sababu ya kushangilia ilikuwepo. Lakini Marshall hakupata hata senti, kwa sababu Marekani haina sheria ya kitaifa inayompa msanii fungu kazi yake inapouzwa tena.

Miezi michache baadaye jiji lenyewe likataka kumuuza tena. Mwaka 1995 Marshall alikuwa amechora Knowledge and Wonder kwa ajili ya maktaba ya Legler, mtaa wa West Garfield Park, kwa malipo ya dola 10,000. Picha kubwa: watoto na watu wazima wamesimama wakitazama vitabu vikubwa kuliko wao. Jiji likaipeleka mnadani, makadirio yakiwa dola milioni 10 hadi 15, na likaeleza kuwa fedha zingekarabati maktaba hiyo hiyo. Kelele zikapigwa, Marshall mwenyewe akalalamika hadharani, na Novemba 2018 meya Rahm Emanuel akaiondoa mnadani.

Nawauliza: kwa nini mtaa wa watu Weusi uambiwe uchague kati ya picha yake na paa la maktaba yake? Mitaa mingine inapata vyote viwili na hakuna anayeona ajabu.

Karibuni tujadili.

#2 Bi Nakshi

Kaka Karakana, umeandika vizuri, ila orodha yako imejaa wanaume. Ngoja nikuongezee Faith Ringgold, mchoraji Mweusi wa New York, maana kisa chake ndicho kinachoelezea swali lako kuliko vyote.

Mwaka 1971 Ringgold alipata ruzuku ya kuchora kitu kwa ajili ya gereza la wanawake kisiwani Rikers, New York. Kabla hajagusa brashi alikwenda kuwauliza wafungwa wenyewe: mnataka kuona nini? Mmoja akasema anataka kuona njia ya kutokea humo. Ringgold akarudi akachora turubai la futi nane kwa nane, akaligawa pembetatu nane akifuata nakshi za Wakuba wa Kongo. Ndani yake wanawake wanafanya kazi ambazo wakati ule wengi wao walikuwa wanafungiwa mlango: dereva wa basi, daktari, polisi, fundi wa ujenzi, mcheza mpira wa kikapu, na mwanamke anayegombea urais. Kuna bibi harusi pia, na anayemkabidhi ni mama yake.

Wanawake wale hawakuchorewa huzuni yao. Walichorewa kesho yao, na waliulizwa kwanza.

Halafu ikawaje? Mwaka 1988 jengo lile likageuzwa gereza la wanaume, na picha ikapakwa rangi nyeupe. Nyeupe, juu ya wanawake wote wale. Iliokolewa kwa sababu afisa mmoja wa gereza alijua thamani yake akapiga kelele, ikasafishwa, ikahamishiwa gereza jipya la wanawake. Baada ya miaka mingi, mnamo 2022, ikatangazwa kwamba itahamia Brooklyn Museum.

Nilipopata habari ya kuhamishwa nilifurahi na kukasirika kwa wakati mmoja. Nilifurahi kwa sababu sasa itatunzwa. Nilikasirika kwa sababu wanawake waliopo Rikers leo wameachwa bila ile picha, na wao ndio waliochorewa. Mwenye jibu rahisi hapa anishawishi.

Na tusisahau: mwaka huo huo wa 1971, wanawake wakiwemo Kay Brown, Dindga McCannon na Ringgold walianzisha kikundi cha wasanii wanawake Weusi, Where We At, kwa sababu harakati za Weusi ziliwataka wanawake wakae nyuma na harakati za wanawake ziliongozwa na Wazungu. Huko kuwezeshwa kunakosemwa sana, wao walikujenga kwa kugawana kazi ya kulea watoto ili kila mmoja apate muda wa kuchora.

#3 Mzee Turubai

Mleta uzi, la umiliki nakubali. Lakini kuna jambo umelipita kwa mbali: siasa za utambulisho zilimbana na msanii Mweusi mwenyewe.

Studio Museum in Harlem, jumba la sanaa ya Weusi, New York, ilifunguliwa Septemba 1968 kwenye ghorofa ya kupanga, Fifth Avenue, juu ya duka la pombe. Onyesho la kwanza lilikuwa la Tom Lloyd: sanamu za taa za umeme, zinawaka na kuzimika kwa mpangilio. Hakuna uso, hakuna ngumi iliyoinuliwa. Watu waliudhika. Wakauliza hii inahusu nini na Harlem? Mchoraji Norman Lewis naye alichora ukungu na mistari wakati kila mtu anamtaka achore watu, na alikufa mwaka 1979 bila kupewa nafasi ambayo wenzake Wazungu wa mtindo ule walipewa. Wazungu walimwona Mweusi mno, baadhi ya Weusi wakamwona si Mweusi vya kutosha.

Nani aliyempa mtu yeyote kipimo cha kupima weusi wa picha?

Na angalia 1997. Msanii Betye Saar aliwaandikia watu barua nyingi akitaka kazi za Kara Walker, msanii Mweusi kijana, zisionyeshwe. Saar huyo huyo! Aliyetengeneza The Liberation of Aunt Jemima mwaka 1972: kisanduku, ndani kijisanamu cha mpishi Mweusi mnene anayecheka, kile walichouziana Wazungu kama pambo la jikoni. Mkono mmoja fagio, mkono mwingine Saar akamtia bunduki. Nyuma yake nyuso za lebo ya chapati zimejipanga, miguuni pamba. Alichukua tusi akaligeuza silaha. Miaka 25 baadaye Walker anachukua matusi mengine, ya vivuli vya enzi ya utumwa, naye anaambiwa ananufaisha Wazungu. Sikubaliani na Mama Saar hapo, pamoja na heshima yangu yote kwake.

#4 Karakana (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa pazuri.

La kipimo nakuunga mkono. Ila ongeza sehemu hii ya hao uliowataja. Tom Lloyd wa taa alikuwa mwanaharakati haswa. Alikuwa pamoja na Ringgold kwenye madai kwamba MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, itoe nafasi kwa wasanii Weusi na wa Puerto Rico, na mwaka 1971 akaanzisha makumbusho yake mwenyewe, Store Front Museum, mtaa wa Jamaica, Queens, New York. Norman Lewis alisimama na bango barabarani Januari 1969 wakati Metropolitan Museum ilipofungua Harlem on My Mind, onyesho la Harlem lisilokuwa na mchoro wala sanamu hata moja ya msanii wa Harlem. Picha za kamera, maandishi na sauti tu. Mwaka huo huo Lewis, Romare Bearden na Ernest Crichlow wakafungua Cinque Gallery kwa ajili ya vijana waliokosa pa kuonyesha. Hao watu hawakulazimisha picha zao ziseme siasa. Siasa waliifanya kwa miguu na kwa kujenga vyumba. Ndiyo maana mimi natazama chumba kwanza, picha baadaye. Studio Museum ilipofungua jengo lake jipya Novemba 2025, ilimrudisha Tom Lloyd kwenye maonyesho ya ufunguzi. Chumba kikiwa chako, unaweza kurekebisha ulichokosea.

Kuhusu Saar na Walker, mimi naona hofu ya Saar ilikuwa na msingi hata kama dawa yake ilikuwa kali kupita kiasi. Mwaka 2014 Walker alijenga mwanamke Mweusi mkubwa mno, umbo la sfinksi lililopakwa sukari nyeupe, kwenye kiwanda cha zamani cha Domino, Brooklyn. Kazi nzito kuhusu sukari na utumwa. Na kuna wageni waliokwenda kujipiga picha wakiigiza kumshika matiti. Walker alikuwa amewategea kamera, akatoa filamu ya watazamaji wenyewe. Sanaa ile ilikuwa na nguvu, lakini macho yaliyojaa pale ndani yalikuwa ya nani? Huwezi kuyaamuru macho ya watu. Unaweza kuamua kazi ikae wapi na nani asimame mlangoni.

#5 KijanaWaRangi

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Hali haijabadilika sasa? Kila mahali naona maonyesho ya wasanii Weusi.

#6 Bi Nakshi

Mdogo wangu, maonyesho na umiliki ni vitu viwili. Ripoti ya Burns Halperin ya 2022 ilichunguza majumba ya makumbusho 31 ya Marekani, miaka ya 2008 hadi 2020. Kazi za Wamarekani Weusi zilikuwa asilimia 6.3 ya maonyesho, lakini asilimia 2.2 tu ya kazi walizochukua zikae kwenye hifadhi zao. Maonyesho yanakunjwa baada ya miezi mitatu. Kilichomo hifadhini ndicho kitakachofundishwa kwa wajukuu.

#7 Sindano

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mnazungumzia miji mikubwa. Niwapeleke Alabama, Gee's Bend, kwenye kona ya mto.

Wanawake wa pale walishona mablanketi ya viraka kwa vizazi, kutokana na suruali za shambani, magunia, chochote. Wazee wao walikuwa watumwa wa shamba lile lile. Mwaka 1962 kivuko cha kuwapeleka Camden, makao makuu ya wilaya, kikasimamishwa wakati Weusi walipokuwa wanadai kujiandikisha kupiga kura, kilirudi 2006. Waliojaribu kujiandikisha walifukuzwa kwenye nyumba na mashamba ya kupanga.

Mwaka 1966 wakaanzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, katika eneo lile. Wakauza mablanketi New York. Hela walifanyia nini? Walinunua ardhi, ekari 23, wakajenga karakana ya kushonea, na viwanja wakaziuzia familia zilizokuwa zimefukuzwa. Rudieni kusoma sentensi hiyo. Viraka viliwapa watu pa kulala.

Baadaye walipata kandarasi ya kushona foronya za kodirai za duka la Sears. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, ya kiwandani, haina ubunifu. Lakini mabaki ya kodirai, yale ya rangi ya dhahabu iliyofifia na kijani cha parachichi, waliyabeba nyumbani, na humo mkatoka baadhi ya mablanketi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye picha. Mishono imepinda makusudi, mstari unaanza vizuri kisha unahama njia yake.

Mwaka 2002 yakaonyeshwa Houston na kisha jumba la makumbusho la Whitney, New York. Sifa zikaja kwa mafuriko. Nakshi zao zikachapwa kwenye stempu za posta, mazulia, vikombe. Na mwaka 2007 baadhi ya washonaji wakafungua kesi wakidai hawakulipwa haki yao. Kesi zikaisha mwaka uliofuata kwa makubaliano. Kwa hiyo mleta uzi una hoja: wakati wa ushirika, sifa ilikuwa ndogo na ardhi ilikuwa yao. Wakati wa makumbusho, sifa ilikuwa kubwa na hesabu zikaenda mahakamani.

#8 Mzee Turubai

Dada Sindano, hapo umenifunga mdomo kwa heshima. Lakini mtaa ukipendeza kwa sanaa, kodi ya nyumba hupanda na wenyewe huhama. Je, hilo nalo?

#9 Karakana (mleta uzi)

Ndiyo hofu kubwa, mzee. Mfano ninaoufuatilia ni Project Row Houses, mtaa wa Third Ward, Houston. Mwaka 1993 Rick Lowe na wasanii wenzake sita walichukua nyumba 22 za mbao zilizojipanga safu, zilizokuwa zinasubiri kubomolewa. Lowe amesimulia kwamba mwanafunzi mmoja alitembelea studio yake, akatazama michoro yake ya matatizo ya mtaa, akamwambia mtaa unayajua matatizo yake tayari, wewe msanii tuletee suluhisho. Nyumba kadhaa zikawa vyumba vya maonyesho, nyingine zikapewa kina mama vijana wanaosoma huku wakilea. Halafu wakaanzisha kampuni ya makazi ya bei nafuu, kwa sababu waliona madalali wanakuja. Third Ward bado inabanwa na majengo mapya ya watu wenye hela, sitaficha hilo. Ila nyumba zile ziko mikononi mwa shirika la mtaa, na mpangaji wa ndani yake hawezi kuondolewa na dalali.

#10 KijanaWaRangi

Mimi nachora, sina jengo, sina ushirika. Mtu kama mimi aanzie wapi?

#11 Karakana (mleta uzi)

Mdogo wangu, anzia kwenye karatasi ya mauzo. Kama uko Marekani, sheria ya 1990 ya haki za wasanii inaweza kuulinda mchoro wa ukutani wenye hadhi inayotambulika usiharibiwe ovyo. Wall of Respect haikuikuta. Februari 2018 mahakama New York iliwapa wachoraji wa ukutani wa jengo la 5Pointz, Queens, dola milioni 6.7 kwa sababu mwenye jengo alipaka kazi zao chokaa. Kwa hiyo kabla hujasaini fomu yoyote ya kuchora ukuta, soma kama kuna kipengele kinachokuvua haki hiyo. Wenye majengo wengi hukiweka.

Kwa picha za kubebeka, tangu 1971 kuna mkataba wa mfano ulioandaliwa na Seth Siegelaub na mwanasheria Robert Projansky: kazi ikiuzwa tena, msanii anapata asilimia 15 ya ongezeko la bei. Kwa Past Times hiyo ingekuwa takriban dola milioni 3. Wanunuzi wengi wanakataa kuusaini, na ukiwa mchanga utaogopa kumpoteza mteja. Basi uanzie kwa nakala za bei ndogo, kwa watu wanaokujua, na mkataba uuambatanishe tangu nakala ya kwanza. Dada Sindano, wewe unayejua mambo ya ushirika, tuwekee hapa jinsi wale kina mama walivyogawana mapato, maana kijana atalihitaji hilo kabla ya lile la Projansky.